Jiwe Alilolisoma Kasuku

Watu walipouliza binti yangu anasomea nini chuo kikuu, nilikuwa nawajibu kwa mkato: wafu. Si udaktari, si sheria. Watu wa kale, waliokufa zamani mpaka na lugha yao ikafa. Shemeji yangu alicheka hadi machozi. "Sasa akimaliza nani atamwajiri? Marehemu?" Nilimfokea, ingawa moyoni nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sebuleni karibu na dirisha. Chumba cha pili kilikuwa cha mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyemlea binti yangu wakati mimi nahangaika na nguo za watu, na ndiye aliyempa jina la Kasuku, maana mtoto alianza kuongea hata kutembea hajajua vizuri, na hakunyamaza tena. Macho ya mama mkwe yalishaingia ukungu, haoni kitu. Kisha kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka. Akanisahau mimi, nikasema haya, mkwe ni mkwe. Akamsahau mume wangu, mwanawe wa kumzaa. Lakini siku aliyomuuliza Kasuku, "Wewe ni mtoto wa nani?" binti yangu alitoka nje akalia kwa kwikwi. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: bibi amwite tena jina lake kabla hajaondoka.

Chuoni, mwalimu wao alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi alipewa picha ya jiwe moja la kaburi, na muhula mzima alisome kwa sauti, kama vile yeye ndiye aliyezikwa. Ndivyo watu wale walivyoyaandika mawe yao. Marehemu anaongea mwenyewe na mpita njia. Kasuku alipangiwa jiwe la msichana aliyekufa ameshachumbiwa. Lilikuwa limechongwa umbo lake, ila limevunjika upande mmoja.

Basi kila alasiri akitoka chuo, anakaa kitandani kwa bibi, anasoma kile kilugha chake, halafu anatafsiri ili bibi naye aambulie kitu. "Simama kidogo, wewe unayepita. Nilikufa kabla ya harusi yangu. Nyumbani wananililia." Bibi anatikisa kichwa. Mimi huku nakanyaga cherehani, nasikia yote. Nikamwambia, "We mtoto, huna kitu kingine cha kumsomea mgonjwa?"

"Mama, huo ndio mtihani wangu. Halafu bibi anapenda, huoni anavyosikiliza?"

Kweli alikuwa anasikiliza. Siku moja akamkatiza. "Na huyo mdogo uliyemshika mkono, mbona yeye haongei?"

"Mdogo gani, bibi?"

"Si huyo hapo kushoto kwako."

Kasuku akacheka, kicheko cha kujikaza. Akaileta ile picha kwangu dirishani, tukaiinamia wote wawili. Pale jiwe lilipovunjika, kwenye mkono wa kushoto wa yule msichana aliyechongwa, kulikuwa na vidole vidogo, vya mtoto, vimeung'ang'ania. Mtoto mwenyewe alikwenda na kipande kilichopotea. Kasuku aliapa hajawahi kuviona, na mwalimu hakuvitaja hata siku moja. Na mama haoni, nimeshasema. Nikaichukua ile picha, nikaitia kwenye droo ya vitambaa, nikafunga. "Yamekwisha," nikasema. "Hapa hakuna kusoma tena. Kasomee huko huko chuoni."

Baada ya hapo mama alizorota. Chakula hataki. Alikuwa analia taratibu, kama mtu aliye msibani, na ukimuuliza analia nini, anageukia ukutani. Nikajua hana muda. Nikamwita Kasuku: "Njoo ukae na bibi yako. Na leo uongee naye kama wewe, sio kama mtu mwingine."

Akapiga magoti, akaichukua mikono ya bibi akaiweka usoni kwake. "Bibi. Ni mimi."

Vidole vya mama vikapita kwenye paji la uso, vikashuka mashavuni, vikasimama mdomoni. Halafu akatabasamu, tabasamu nililokuwa sijaliona tangu augue. "Kasuku," akasema. "Kasuku wangu wee."

Ewe Mola! Mtoto aliangua kilio cha furaha, na mimi nikaziba mdomo kwa kitambaa nilichokuwa nakishona. "Umenijua, bibi!"

"Nitaachaje kukujua? Nilikuwa nakusikia kila siku unanieleza ulivyokufa. Nikasema, mbona siku hizi haji tena kunipitia?"

"Bibi, mimi sijafa. Nishike. Niko hai."

"Najua, mjukuu wangu," akamjibu huku anampapasa nywele, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimbembelezea utotoni. "Mwanzoni wote mnaona hivyo."

Kasuku akanigeukia. Sijawahi kumwona na macho ya namna ile. Yalikuwa yananiuliza, yanataka mimi ndiye nimhakikishie. Nikaweka kitambaa chini nimwendee. Mama akaita tena, "Kasuku!" akawa anangoja, hataki kulala mpaka aitikiwe.

Na mwanangu, mzima wa afya, akaitika, "Abee."