Simu ya Chuo Aliyoipokea Shosho

Nakumbuka kicheko. Siku moja hapa Kitengela Shosho Nyambura alicheka mpaka akapiga makofi, na hadi leo, mwanangu, nikitulia bado nakisikia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama za kawaida tu, lakini ndoto hazikutoshea kwa nyumba. Nilitaka uuguzi. Kuna chuo kilikuwa na nafasi moja ya kusomeshwa bure, wakauliza, nje ya darasa umefanya nini? Nikaandika ukweli: kila Jumamosi nafunza watoto kusoma kanisani. Wakataka namba ya mtu mzima wa kushuhudia. Nikaweka ya Shosho, mama mzee wa kanisa letu aliyesimamia hao watoto. Sikumwambia. Nilitaka nikikubaliwa nimshtue kwa furaha. Si unajua vile wasichana hupanga mambo kama arusi.

Kumbe Shosho alikuwa ametoka kutapeliwa kwa simu, pesa ya mbuzi aliouza soko la Bisil ikaenda yote. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nilimpata mlangoni kwake akichambua maharagwe.

"Wee kairitu, msichana wangu, leo nimewaweza hao wakora! Mmoja amenipigia, sauti tamu kama ya pasta. Ati ni wa chuo. Ati kama nakujua, ati unafunza watoto."

"Ukamwambia nini, Shosho?"

"Nikamwambia huyo msichana simjui, na kwa kanisa letu hakuna watoto! Wakupatie wapi? Wewe ni wangu."

Akacheka, akapiga makofi. Nami nikacheka. Ningefanya nini?

Kesho yake nikapigia chuo. Nikaeleza, nikasihi, nikalia. "Pole, dada," wakasema, "tuliuliza tukaambiwa hujulikani. Nafasi amepewa mwingine." Maji yakimwagika hayazoleki. Uuguzi sikusomea. Nauza nguo, na niko na furaha zangu, lakini nikiona muuguzi na sare yake macho bado hunilowa.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiniuliza kama vyuo hufuatilia hayo mambo ya nje ya darasa, nitakuambia: si vyote, wala si kila mara, lakini simu moja inatosha. Andika lile ulilofanya, usiongeze chumvi. Halafu nenda ukae na huyo uliyemtaja, unywe chai yake, umwambie, "Watakupigia, ni mimi wanauliza." Hata ukweli unataka mtu wa kuushika mkono. Na ukikoseshwa na mtu aliyekuwa anakukinga, usimchukie.

Mungu akupe watu wa kukusemea, na simu yao ikiita, iwapate wako tayari.

Shosho alizikwa kwao, upande wa Ngong, bila kujua kuwa simu ile ilikuwa ya kweli. Siku ile chuo kiliponikataa nilirudi kwake, na alipotoka kuanua nguo nikabaki peke yangu na simu yake mezani. Nikaitafuta ile namba ya chuo, nikaifuta.