Muziki wa Kumvusha Priscila

Deodata, fundi redio wa Benaco, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: alichokitengeneza yeye hakiharibiki. Ukimrudishia redio, kosa ni la betri zako. Ukimrudishia spika za kanisani, kosa ni la kwaya. Miaka ishirini aliishi hivyo na bisibisi yake, na watu wakamzoea.

Basi Priscila alipoposwa ng'ambo ya mto Ruvubu, Deodata akaapa kuwa mtoto huyo hatavuka kimyakimya. Priscila alikuwa binti wa marehemu kaka yake, Ansbert, aliyemwachia akiwa bado ananyonya. Shangazi ndiye aliyemlea, na shangazi ndiye atakayemkabidhi kwa wakwe. Wiston, mwenye boti ya makasia, alipoambiwa kuwa boti yake itafungwa muziki, alikuna kichwa.

"Fundi, mto una wenyewe," alisema.

Deodata akamjibu kuwa yeye anafunga muziki, hafungi ndoa na viboko.

Haki yake tumpe: vyombo alivichagua kwa akili. Amplifaya alichukua ya gari, inayotumia betri, maana mtoni hakuna umeme wa ukutani. Spika za karatasi alizikataa, kwa kuwa zikilowa zinavimba kama mkate kwenye chai; akachukua za plastiki. Betri akaiweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Na lile boksi zito la besi, kwa kuogopa lisije likatumbukia, akalikaza kwa bolti kwenye sakafu ya boti. Alifikiria maji ya mvua na maji ya makasia. Waliomo ndani ya maji hakuwafikiria.

Jumamosi saa nne asubuhi walipanda watu tisa. Wiston ana desturi: kabla ya kufika katikati hugonga ubavu wa boti kwa kasia mara tatu, kisha watu wote hunyamaza. Hiyo ni hodi. Viboko wakiisikia huibuka kupumua, na hapo mvushaji anajua pa kupita. Siku hiyo aligonga kama kawaida, lakini nani angesikia? Muziki ulitetemesha hadi mbao walizokalia, na Deodata alikuwa akitabasamu peke yake.

Katikati ya mto akasikia mkoromo. Ulikuwa mzito, uko chini ya besi, na hauendi na wimbo. Spika imepasuka, aliwaza, na aibu ikamshika. Akapunguza besi, mkoromo ukabaki palepale. Akachomoa waya wa betri. Muziki ukakatika, na mkoromo ukaja tena kutoka kushoto, na mwingine ukaujibu kutoka nyuma.

Hapo Deodata akaelewa. Sakafu ya boti alikuwa ameigeuza ngoma, na viboko waliposikia ngurumo ile chini ya maji walidhani dume mgeni ameingia kwao kutafuta ugomvi.

"Asiseme mtu," Wiston alinong'ona.

Boti ikainuka kidogo upande mmoja, ikashuka. Kitu kilikuwa kimepita chini yao.

Priscila, katika shela lake jeupe, akamshika mkono. "Shangazi, naogopa."

Deodata akaukaza mkono ule. Alijaribu Salamu Maria, ile ya tangu utotoni, ikampotea baada ya maneno mawili. Kilichobaki kichwani ni jina la Ansbert tu. Kufa yeye hakukumtisha sana. Alichoogopa ni kumpeleka mtoto kwa baba yake badala ya kumpeleka kwa mume.

Wiston akagonga ubavu wa boti. Moja, mbili, tatu. Wakangoja. Kisha upande wa kushoto maji yakapasuka, kichwa kikaibuka, kikapumua kwa nguvu hadi matone yakawafikia. Nyuma kikaibuka cha pili. Wiston akavihesabu, akaelekeza boti kulia, akawa anazamisha kasia bila mlio. Walikwenda hivyo mpaka majani ya ukingo yakasugua mbao.

Ng'ambo wakwe walikuwa wanangoja. Mzee Celestini, baba wa bwana harusi, alikuwa mtu wa utani.

"Fundi, muziki tuliusikia vizuri, mbona ukakatika? Tuliambiwa vyako haviharibiki."

Wiston akamtazama Deodata, akingoja kusikia safari hii kosa ni la nani. Deodata alikuwa akiangalia viatu vya Priscila, vyote viwili juu ya udongo mkavu.

"Umeharibika," alisema. "Niliufunga vibaya mimi mwenyewe."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mzee Celestini akanyoosha mkono kumpokea mkwewe. Ilibidi aombe mara mbili, maana Deodata alikuwa bado hajauachia mkono wa Priscila.