Mume wa Nyanjige Hakuwa Mamluki

Siku ndege ile ilipodunguliwa, Nyanjige alikuwa shambani kwake Ngulyati akivuna pamba na mama mkwe wake, Kornelia. Shemeji yake Luhaga akaja anakokota baiskeli katikati ya matuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana alikuwa mtu wa kuogopa kukanyaga pamba ya watu.

"Shemeji," alisema, "kaka alisema anarudi lini?"

"Wiki hii. Kwani vipi?"

"Kuna ndege imepigwa kule. Redio inasema."

Kule ni nchi jirani upande wa magharibi, ambako vita ilikuwa imepamba moto. Selestini, mume wa Nyanjige, hakwenda kule kutafuta vita. Kwa miaka mingi alikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa, ushirika ukayumba, mashine zikasimama, na mafundi wakapunguzwa kazi. Selestini alikaa nyumbani msimu mzima akitengeneza baiskeli na pampu za kupulizia dawa, kisha akapata mfanyabiashara aliyemchukua kwenda kurekebisha mitambo ya kukamua mawese huko ng'ambo. Barabara zilipofungwa na waasi, watu wa mji ule wakawa hawana njia ya kutoka isipokuwa kwa ndege.

Nyanjige alikwenda Bariadi mjini kupiga simu posta. Alimpata yule mfanyabiashara baada ya kuhangaika sana, laini ikikatika na kurudi.

"Mama Salu," sauti ilisema, ikimwita kwa jina la mwanawe, "mimi mwenyewe nilimsindikiza uwanjani. Nilimwona anapanda."

Hakulia pale posta. Alirudi nyumbani, akamwambia Kornelia, na hapo ndipo walipolia wote wawili.

Kama ingekuwa kifo cha kawaida, kilio kingefuata njia yake. Lakini kabla hata majirani hawajamaliza kuja kutoa pole, maneno yalianza. Waasi walitangaza kwenye redio yao kwamba ndege ilikuwa imebeba askari, silaha na mamluki kutoka nchi za nje. Serikali ya kule ikatangaza kwenye redio yake kwamba waliokufa walikuwa wanawake, watoto na madaktari tu, na kwamba ndani ya ndege hakukuwa na hata risasi moja. Redio zote mbili zilikuwa na vipindi vya Kiswahili, na zote zilisikika Bariadi. Zamani watu walikuwa na redio moja ya taifa, na ikisema jambo basi jambo limesemwa. Sasa stesheni na magazeti yalikuwa yanaongezeka kila mwaka, na kila mtu alichagua la kuamini kama anavyochagua kitambaa gulioni.

Luhaga alichagua redio ya waasi. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa anaisikiliza tangu zamani kwa sababu ya muziki wake, akawa ameizoea.

"Wanataja mpaka aina ya bunduki, shemeji. Mtu atatunga mpaka aina ya bunduki?"

"Kwa hiyo Selestini alikuwa askari?"

"Sijasema hivyo."

"Sasa umesema nini?"

Luhaga akapandisha sauti ya redio.

Mahali ndege ilipoangukia palikuwa mikononi mwa waasi. Waliingia wapiga picha wao peke yao. Picha moja ikafika kwenye gazeti jipya la Mwanza: vitu vimepangwa juu ya nyasi, masanduku, bunduki, na nguo moja ya kaki imetandazwa mikono wazi kama mtu aliyelala. Chini yake waliandika kwamba hiyo ni sare ya mamluki wa Kitanzania.

Mwandishi wa gazeti hilo, kijana aitwaye Machibya, akafika Ngulyati na gazeti mkononi. Alisalimia vizuri kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kama mtoto wa nyumbani, akakaribishwa kiti na uji.

"Mama, hii ni nguo ya mume wako?"

Nyanjige alilishika gazeti muda mrefu. Alilisogeza kwenye mwanga, akaligeuza. Selestini alikuwa na ovaroli ya kaki ya kazi, na yeye ndiye aliyekuwa akiifua, akiisugua mafuta ya mashine mpaka vidole vinauma. Alitamani aone kiraka begani, au alama yoyote. Lakini picha ilikuwa nyeusi na yenye vumbi la wino. Hakuona kitu.

"Alikuwa na ovaroli ya kazi ya rangi ya kaki," alijibu. "Kama ndiyo hii, siwezi kusema. Picha imefifia."

Machibya alishukuru, akamaliza uji, akaondoka. Gazeti lililofuata lilikuwa na kichwa cha habari kikubwa: MJANE ATAMBUA SARE YA MUMEWE.

Kuanzia hapo maisha ya Nyanjige yakawa magumu kwa namna ambayo hakuwa na neno lake. Wanawake kisimani walinyamaza alipofika. Kwenye kituo cha kuuza pamba mwanamume mmoja alimuuliza, bila haya, mumewe alikuwa anapigania upande gani. Hata katekista Anatoli, aliyewafundisha ndoa yeye na Selestini, alimwomba asubiri kidogo kuhusu misa ya marehemu.

"Si kwamba naamini, mama. Lakini kuna uchunguzi. Tusubiri ukweli ujulikane."

"Ukweli upi, mwalimu? Amekufa. Huo hautoshi?"

Kisha wakaja wa upande wa pili. Bwana mmoja aliyevaa suti alifika kwa gari na kinasa sauti. Alisema anatoka kwenye kamati ya kutetea wahanga, na kwamba amechukizwa sana na lile gazeti. Nyanjige alifurahi, kwa mara ya kwanza aliona mtu amekuja kumtetea. Akaosha uso, akabadili kanga, akakaa mbele ya kinasa sauti.

"Utasema tu kwamba marehemu alikuwa tabibu," bwana yule alimwelekeza. "Alikwenda kusaidia watoto wagonjwa."

"Mume wangu hajawahi kushika sindano. Alikuwa fundi wa mashine."

"Mama, fundi watu wanamtilia shaka. Tabibu hakuna anayemtilia shaka. Na useme kwamba ndegeni hamkuwa na silaha."

"Mimi nilikuwa hapa navuna pamba. Nitajuaje kilichopakiwa ndegeni?"

"Unataka jina lake lisafishwe au hutaki?"

"Jina lake halina uchafu," Nyanjige alisema. "Ninyi ndio mnalipaka, wale matope, na wewe chokaa. Zima hicho kitu chako."

Bwana alizima, akaondoka bila kuaga. Kornelia, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikia yote, alisema tu, "Wabeja, mwanangu." Asante.

Nyanjige akaona heri aende mwenyewe Mwanza. Alipanda basi, akapita Lamadi, akafika kwenye ofisi ya gazeti na kuomba kuonana na mkubwa wao. Mhariri alikuwa mwanamke mtulivu, Domitila, aliyemwita Machibya aje ajieleze.

"Lakini mama, si ulisema mwenyewe kwamba alikuwa na nguo ya rangi hiyo?"

"Na wewe umevaa suruali ya rangi ya polisi. Wewe ni polisi?"

Mhariri alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipouona uso wa mgeni wake. Aliomba radhi. Aliahidi kusahihisha. Na kweli, gazeti lilisahihisha: mistari michache chini ya matokeo ya mpira, ikisema kwamba mke wa Selemani wa Bariadi sasa anasema hana uhakika na sare ile.

Selemani. Na "sasa anasema", kama mtu aliyetishwa akabadili maneno. Na "sare" bado ni sare. Nyanjige alilisoma mara kadhaa, akalikunja, akalitumia kuwashia moto. Siku hiyo hakupika. Alikaa tu akiangalia majivu, watoto wakala viporo kwa bibi yao.

Familia ilipokutana kuzungumzia matanga, Luhaga alisema wangoje uchunguzi. Nyanjige, ambaye kwa kawaida hakuinua sauti mbele ya wakwe, aliinuka.

"Uchunguzi wa nani? Waliopiga ndege wanajichunguza wenyewe! Na waliopakia ndege nao wanajichunguza wenyewe! Tutangoja mpaka nani akubali kujifunga?"

"Kaa chini, shemeji."

"Mwache aseme," Kornelia alimkatiza. "Aliyekufa nilimzaa mimi, na mimi nimeshachoka kungoja. Matanga yafanyike."

Yakafanyika, bila mwili na bila kaburi. Siku ya kumaliza, ndugu wa marehemu ndiye husimama kueleza marehemu alikuwa nani na amekufaje. Luhaga alisema koo linamuuma. Basi Nyanjige akasimama, wengine wakaguna kwa kuwa haikuwa kawaida.

"Selestini alikuwa fundi. Alipanda ndege kurudi kwangu. Watu wakaipiga. Hayo ndiyo ninayoyajua, na nisiyoyajua sitawadanganya."

"Ilibeba silaha au haikubeba?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Nimesema sijui."

Minong'ono ikaanza. Watu walitaka zaidi ya hapo, na wengi waliondoka na imani ileile waliyokuja nayo.

Miaka ikapita. Uchunguzi haukutoa kitu. Kisha waasi na serikali ya kule wakapatana, wakagawana uwaziri, wakapigwa picha wakishikana mikono. Luhaga alikwenda kumwambia Nyanjige, akamkuta anapalilia.

"Wamepatana, shemeji."

"Wanasemaje kuhusu ndege?"

"Hawasemi. Wamekubaliana mambo ya vita yasifufuliwe." Luhaga aliangalia chini. "Na ile redio imefungwa. Waliokuwa wakitangaza sasa wako serikalini. Mmoja amesema yale ya mamluki yalikuwa maneno ya vita tu."

Nyanjige aliegemea jembe. "Maneno ya vita tu," alirudia. "Basi usiniambie mimi. Mimi nilijua. Jumapili watu wanakuwa kanisani, kawaambie wao."

Luhaga alikubali. Jumapili ile hakwenda. Alikwenda iliyofuata, akasimama baada ya matangazo, akasema maneno machache kuhusu kaka yake, kwa sauti ndogo. Nusu ya watu walikuwa wameshaanza kutoka nje.