Jasusi wa Sehemu ya Tisa Aliongea kwa Sauti ya Mume Wangu

Mume wangu alimbembeleza mwanamke mwingine mbele ya wateja wangu, na mimi nimekaa palepale.

Sauti yake ilitoka kwenye tivii ya dukani.

Naitwa Moza, nauza vitenge Kariakoo. Mume wangu, Twaha, anatafsiri filamu za nje. Wazungu wanaongea, yeye anaweka sauti yake juu, mtaa mzima unaelewa. Kilichompa jina ni filamu za jasusi mmoja, sehemu nane zote moto. Ya tisa tuliisubiri kama mwezi wa Idi.

Ikatoka. Bomu tupu.

Jasusi hapigi mtu. Yuko hotelini, anamtazama mwanamke, anashusha pumzi, basi.

"Dada Moza, huyu jasusi au bwana harusi?" akauliza Severa, jirani yangu wa duka.

Nikacheka. Mara Twaha, ndani ya tivii, akasema taratibu:

"Nikilala nauweka mkono wangu shavuni, najidanganya ni wako."

Kicheko kikakatika.

Miaka mitano ya ndoa, mimi huwa naambiwa "chai imepoa". Haya kayatoa wapi?

Saa nane mchana nikafunga duka, nikaenda Buguruni kwenye chumba anachorekodia. Hata salamu sikutoa.

"Nani huyo?"

"Nani?"

"Wa mkono shavuni. Usinizuge, Twaha. Yule mzungu pale kafunga mdomo."

Akavua hedifoni. "Filamu mbovu, Moza. Dakika arobaini kimya. Ilibidi nijaze."

"Ukajaza maneno ya nani?"

Akafungua droo, akatoa simu ya vitufe. Yangu, ya zamani. Niliisahau kabatini tangu tuoane.

"Soma mwenyewe."

Nikasoma. Ujumbe niliuandika mimi, kwenda kwa Hafidhi, mchumba niliyeachana naye kabla sijamjua Twaha. Mkono shavuni, neno kwa neno. Nilishasahau kama niliwahi kuyaandika.

"Umekaa nayo tangu lini?"

"Tangu Ramadhani." Hakuniangalia. "Mimi unaniandikia 'njoo na mkate'. Nilitaka nisikie yanavyokuwa mdomoni mwangu."

Miezi saba anakula kwangu, analala kwangu, na wivu wake kaumeza kimya. Mimi wangu sikuweza kuutunza hata saa moja.

Nilienda na matusi ya kutosha. Nikarudi nayo yote.

Ndugu zangu, kabla hujamuuliza mwenzio anampa nani maneno matamu, jiulize wewe ulimpa yeye lini.