Bolti Moja ya Mviringo

Mume wangu wanamwita Jicho, na jina hilo amelibeba miaka thelathini kama wengine wanavyobeba cheo. Kazi yake ni bolti za magurudumu. Watu humletea zilizoliwa na kutu, naye huzirudisha kama mpya. Wengine huja na gari lisilo na bolti zake, naye huchagua zinazolifaa kutoka kwenye makopo yaliyopangwa hadi darini. Hapimi. Anaitupia bolti macho mara moja tu akiwa upande wa pili wa meza, anakwambia urefu wake, unene wake na kitako chake. Zamani mafundi wa gereji jirani walikuwa wanakuja kumjaribu, na walishindwa mpaka wakachoka wenyewe.

Kitako ndicho hasa. Ni pale chini ya kichwa, bolti inapokutana na rimu. Kingine kimechongoka kama faneli, kingine kimeviringana kama nusu ya mpira. Ukikosea, bolti itakaza vizuri tu, mkono wenyewe utakwambia imekaza, kisha barabarani itaanza kujilegeza kidogo kidogo na wewe huna habari. Amenihubiria hilo miaka yote ya ndoa yetu. Mapenzi hakunihubiria hivyo.

Wiki ile alikuwa na seti mbili mezani, bolti ishirini ishirini. Za kitako cha mviringo zilikuwa za mwalimu mmoja, za kuchongoka zilikuwa za binti yetu. Alizichagua, akaziloweka kwenye siki, akazisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa. Kisha akazichomeka kwenye maboksi mawili aliyoyatoboa matundu, vichwa tu vikabaki juu, akavipiga rangi nyeusi. Rangi haitakiwi kugusa kitako wala meno. Zikishasimama hivyo zote zinafanana, kwa hiyo ukikosea kuchagua mwanzoni, umekosea mpaka mwisho.

Na mimi nilikuwa nimeona mambo. Alihamishia meza dirishani, akasema ndani kuna joto. Aliacha kusoma barua, akasema siku hizi watu wanaandika maneno mengi bila maana. Chai aliimimina nje ya kikombe, akakilaumu kikombe. Kumwambia Jicho kwamba haoni ni kumvua nguo mbele za watu, basi nikajifanya hamnazo, na nilijiona mke mwema kwa hilo.

Asubuhi moja ya wiki hiyo binti alifunga bolti zake mwenyewe pale uani, kwa spana ya msalaba, baba yake akiwa amesimama mlangoni mikono nyuma. Akampakia mjukuu wangu kiti cha nyuma, akaondoka kwenda kwa wakwe zake. Njia ya huko inashuka mlima kwa kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu.

Nusu saa baadaye nilikuwa nazifunga za mwalimu kwenye karatasi. Ya kumi na saba ilikuwa imechongoka.

Nikazimwaga zote mezani. Kumi na tisa za mviringo, moja ya kuchongoka. Basi ile ya mviringo iliyopungua ilikuwa imeondoka na mwanangu.

"Mzee, hebu njoo. Hii imefikaje humu?"

Hakuishika. "Iko sawa hiyo. Nimezichagua mwenyewe."

Niliweka mbili kiganjani. "Niambie, ipi ya mwalimu?"

Aligeukia dirishani. Enzi zake angejibu kabla sijamaliza kuuliza. Sasa aliinamisha kichwa, akafinya macho, akasogea, akarudi nyuma. Nilitamani kumnong'oneza jibu, na hapo hapo nilitamani kumzaba kofi.

"Ya kushoto," alisema.

"Zishike."

Akazipapasa kwa kidole gumba. Moja, kisha ya pili, kisha akairudia ya kwanza. Uso ulimshuka wote.

"Mpigie mtoto," alisema.

Nikapiga. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Binti yetu hashiki simu akiendesha. Ni baba yake aliyemwapisha siku alipopata leseni, na hajawahi kuvunja kiapo hicho hata mara moja. Nilikilaani kile kiapo, nikamlaani na aliyemwapisha, kwa sauti, mbele yake.

"Gurudumu lina bolti tano," alisema. "Nne zitashika."

"Zitashika mpaka wapi?"

Akavuta kopo, akalikalia.

"Atakuwa ameshaanza kushuka?" nilimuuliza.

"Ameshaanza."

Nikapiga tena. Nilikuwa namwona mjukuu wangu ameegemeza kichwa kwenye kioo, amelala mdomo wazi kama kawaida yake. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kopo, bolti zote mbili mkononi, akizigeuza na kuzigeuza. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Sikuwa na wa kumlaumu ila yeye na mimi.

Simu ikaita yenyewe. Nikaiweka spika.

"Mama, mna nini nyie? Simu kumi na nne? Nimesimama kituo cha mafuta, huyu mume wako mdogo amebanwa na mkojo."

"Usiondoke hapo. Usiguse gari. Kuna bolti moja—"

"Ya mviringo," alisema. "Ninayo mfukoni. Sikuifunga. Nilirudishia moja ya zile kuukuu nilizokuwa nazo garini."

Nikakaa chini sakafuni. Nililia kama mtoto, nikacheka, nikalia tena.

"Uliionaje?" nilimuuliza.

"Mama, mimi huzikagua zote kila anaponipa. Tangu mwaka juzi. Usimwambie baba."

Baba alikuwa amesimama juu yangu. Akainama hadi kwenye simu.

"Umekuta mbovu ngapi?"

"Baba. Kumbe upo."

"Nimekuuliza ngapi."

"Hii ni ya tano."

Mimi nilidhani yamekwisha. Mtoto mzima, mjukuu mzima, mengine tungeyazungumza taratibu. Nikainuka, nikajifuta uso na khanga, nikamwambia mume wangu tumshukuru Mungu. Hakunisikia. Alikuwa anayatazama makopo, au alikuwa ameelekeza uso kule yalipo.

"Huyu alikuwa anakagua za kwake," alisema. "Za watu wengine alikuwa anakagua nani?"

Miaka miwili. Ni mimi niliyekuwa nazifunga kwenye karatasi, seti baada ya seti, huku najua ninachokijua, na leo ndiyo mara ya kwanza kuangalia kitako. Niliangalia kwa bahati.

Alitoa simu yake mfukoni akaniwekea mkononi.

"Nisomee majina ya wateja wote, mmoja mmoja, tuwapigie," alisema. "Anza na yule dereva wa basi la shule. Mimi sioni."