Leo Hatukutajwa

Mvua zilipokataa kwisha, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu alitangaza kwamba tumeingia katika msimu wa shukrani. Kila Jumapili baada ya ibada, akina mama watatu wangesimama mbele na kutaja jambo dogo la nyumbani lililowafurahisha wiki hiyo. Liwe dogo, alisisitiza, kwa maana tumezoea kumsumbua Mungu kwa makubwa. Akafungua kazi yeye mwenyewe. Alishukuru kwa kikombe cha kahawa anachokunywa asubuhi kwenye roshani yake, akiliangalia ziwa likimeremeta kwa mbali. Wengi wetu ziwa hilo tulikuwa tumeliona likimeremeta jikoni.

Mimi si mtu wa kushukuru haraka. Nauza mapazia ya mitumba katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, na kazi hiyo humfundisha mtu kushika kitu, kukigeuza upande wa pili na kutafuta tundu. Wateja wangu nao ni hivyo hivyo. "Mama, hii pazia iko na shimo," ndiyo salamu yao. Kwa hiyo niliposikia habari ya kahawa na roshani, nilitazama upande wa pili, nikaona tundu, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa kanisani.

Kwetu mambo yalikuwa hivi. Kibarua cha mume wangu kilikuwa kimeota nyasi. Ghala la saruji alilolifanyia kazi tangu watoto wetu wakiwa wadogo lilifungwa, naye akabaki mtaani kwetu Manyatta akivaa viatu vya kazi kila asubuhi na kwenda kusimama kwenye lango la ploti, uwanja wa vyumba vya kupanga tunamoishi. Mtu aliyefukuzwa kazi hutafuta mahali pengine pa kuwa mkubwa. Yeye alichagua nyumba. "Katika nyumba yangu," alianza kusema, "redio haizimwi ovyo." "Katika nyumba yangu chai hainywewi baridi." Siku moja alimfokea mlinzi wa ploti kwa sababu ya bomba lililovuja, akimwambia hii ni nyumba yake na asichezewe. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha kupanga, na watoto walipokua wakaenda zao Nairobi, nilikuwa nimeanza kukiona kikubwa.

Ndipo ziwa likafura na kuingia kwa mama yangu, kijijini chini ya Pap Onditi. Mama ni mjane, na nyumba ile alijengewa na baba. Maji yalikaa ndani kama shemeji asiyejua kuaga. Alilala katika darasa la shule pamoja na wenzake, na huko ndiko mwenyekiti wetu alikowatembelea, akiwa na mikate na mpiga picha. Aliwaambia wahesabu baraka zao. Mama yangu akamwuliza kama mkate unahesabiwa mzima au kwa vipande. Picha ya mama haikutumwa kwenye kikundi cha kanisa.

Nilimchukua kwa nguvu. Nasema kwa nguvu kwa sababu kwetu Wajaluo mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana mpaka unawahurumia wote wawili. Hawaketi wakitazamana. Hawaitani majina. Mama haoni kitanda cha binti yake aliyeolewa, na kulala chini ya paa la mkwe ni jambo la kusimuliwa kwa kunong'ona, tena kuhusu familia nyingine. Sheria hii ilitungwa na watu wenye maboma makubwa na nafasi ya kukimbiana. Aliyeitunga hakuwahi kupanga chumba kimoja Manyatta.

Kama kuna mtu aliyefaa kukigawa chumba hicho, ni mimi. Nilitundika mapazia: upande wa kitanda ukawa wetu, upande wa kochi ukawa wa mama, na katikati ujia mwembamba wa kwenda mlangoni. Kosa langu lilikuwa kuchagua neti nyeupe yenye maua, nzuri kabisa, ambayo nilikuwa nimeiweka kando kwa ajili ya bibi harusi fulani. Giza lilipoingia mama akawasha taa upande wake. Mume wangu, aliyekuwa ameketi kitandani akitafuna njugu, akaona kivuli kikubwa cha mama mkwe wake kikifungua kitambaa cha kichwa. Alijifunika shuka uso mzima akatoka mbio, akapiga jiko teke, sufuria ya sukuma wiki ikaenda chini.

"Yawa! Nani amekufa?" mama akauliza.

"Hakuna, mama. Ni panya."

"Panya wenu wanavaa viatu?"

Kesho yake nilileta pazia la kahawia, zito, la aina inayotoka kwenye mahoteli, na heshima ikarudi. Kukohoa kukawa lugha ya nyumba. Mama akitaka kwenda msalani alikohoa, mume wangu akageukia ukuta. Mume wangu akitaka kutoka alikohoa, mama akajitanda khanga. Jirani mmoja alikuja kuniuliza kwa huruma kama tumeshapimwa kifua kikuu.

Mama alikubali kula, kidogo. Alikubali kukaa. Alichokataa ni kulala. "Kukaa si kulala," aliniambia, na akakaa. Aliketi kwenye kochi mgongo ukiwa wima, mkoba magotini, kuanzia jioni mpaka jogoo wa jirani alipowika, akisinzia kama abiria anayeogopa kupitishwa kituo. Godoro nililomtandikia sakafuni hakulitazama. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Kwa majirani hapakuwa na nafasi, kila chumba cha ploti kilikuwa kimepokea ndugu kutoka ziwani. Mume wangu alijitolea kwenda kulala kwa rafiki yake. Mama akasema, "Akienda, atalibeba paa?"

Miguu yake ikaanza kuvimba. Kwanza viatu vilikataa, kisha ndala zikakataa. Ngozi iling'aa, na ukibonyeza kidole, shimo lilibaki. Nilimpeleka zahanati, na daktari, msichana mpole, akaeleza kwamba mama huyu lazima alale chini na miguu iinuliwe kwa mto, la sivyo ngozi itapasuka na moyo, ambao tayari umechoka, utazidiwa. Mama alimsikiliza kwa adabu. Tulipotoka nje aliniuliza, "Huyo mtoto kwao hakuna wakwe?"

Niliogopa. Niliogopa kwamba mama yangu atafia nyumbani mwangu akiwa ameketi wima, kwa ajili ya heshima, na watu watamsifu.

Na katikati ya woga huo, sijui niseme vipi, tulikuwa na furaha. Ilikuja jioni, wakati wa matangazo ya vifo redioni. Sijui makabila mengine hufanya nini jioni. Sisi tunasikiliza nani amekufa, mtoto wa nani, ameacha wake wangapi, na anazikwa Ijumaa au Jumamosi. Nilichemsha njugu, nikapika chai ya maziwa yenye tangawizi, nikapitisha kikombe kimoja kulia kwa pazia na kimoja kushoto. Mama ndiye aliyetoa ufafanuzi, kwa maana hakuna ukoo wa kwao Nyakach asioujua. "Huyu wanasema alikuwa mtu wa watu," angesema. "Watu gani? Alikuwa na mbwa wanne." Upande wa pili mume wangu, ambaye hakuruhusiwa kujibu, alikohoa. Kikohozi kimoja kilimaanisha ni kweli. Kirefu kilimaanisha ana shaka. Viwili vya haraka, hapo anacheka na anajikaza, na mimi niliyekaa katikati kama refa nilishindwa kujizuia. Tangazo la mwisho likipita, mama alishusha pumzi na kusema, "Leo hatukutajwa. Mungu asifiwe. Kuna chai imebaki?"

Nilipata kujikasirikia. Kazi hakuna, mapazia hayanunuliwi, mama anavimba, na mimi nasubiri jioni kama mtoto anayesubiri Krismasi. Isitoshe, hivi ndivyo hasa mwenyekiti alivyotaka. Nikaapa hatasikia neno kutoka kwangu.

Kisha jioni moja redio ilimtangaza mwanamke mzee wa chini ya Pap Onditi. Nilimfahamu marehemu. Walikuwa wamelala darasa moja na mama, ubavu kwa ubavu, na ndiye aliyemwazima mama blanketi. Matangazo yakaendelea mpaka mwisho, wimbo ukapigwa. Nilisikia tu mkoba wa mama ukifunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa. Siku hiyo kidogo tulikuwa tumetajwa.

Mume wangu akazima redio. Hilo peke yake lilinishtua. Akaniita, kwa sauti kubwa kuliko chumba, kama mtu anayemwita mkewe kutoka ng'ambo ya mto.

"Mama watoto! Hivi unajua mimi sina nyumba hapa Kisumu?"

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Nikamwambia sijui.

"Sina. Hii ni ya mwenye ploti. Mimi ni mpangaji tu. Na nyumbani kwetu je? Nimejenga?"

Kuna mambo mke hajibu. Mume wangu ametimiza umri wa kuitwa mzee na hajajenga boma kwao. Kila Krismasi ni mwaka ujao. Kwa Mjaluo hakuna aibu iliyo kubwa kuliko hiyo. Unaweza kuwa na magari mjini, kama hujajenga, kwenye kikao cha ndugu unaketi karibu na mlango. Mama yangu alikuwa ameisema aibu hiyo kwa miaka, kwa jirani zake na kwa dada zangu, na ilimfikia mume wangu kila mara. "Binti yangu ameolewa hewani," ndivyo alivyokuwa akisema. Katika nyumba yetu neno hilo halikuwahi kutamkwa.

"Sijajenga," mume wangu akasema. Akakohoa, na hicho kilikuwa kikohozi cha kweli. "Mwanamume ambaye hajajenga hana nyumba. Wewe umeolewa hewani, kama wanavyosema wakubwa. Sasa kama sina nyumba, sina paa. Na kama sina paa, hakuna aliyekatazwa kulala chini yake. Mwenye ploti hajaoa binti wa mtu yeyote humu. Mtu mzima akitaka kulala, alale."

Kisha akavaa viatu vyake vya kazi, akapita kwenye ujia akiwa amegeuza uso, akaenda kusimama kwenye lango.

Upande wa mama, mkoba ukawekwa chini, sakafuni, mahali ambapo haukuwahi kuwekwa. "Leta huo mto," akasema. Nilimshika akashuka polepole, goti moja, goti la pili, akanyoosha mgongo kwenye godoro na kutoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Nikainua miguu yake juu ya mto, mizito, ikiwa na joto. Ugali wa mume wangu ulikuwa haujapoa na mama tayari anakoroma.

Sasa mama mkwe kukoroma mkwe akisikia ni balaa jingine kamili. Mume wangu aliporudi, alisimama mlangoni, akasikia, akanitazama. Akaenda moja kwa moja kuwasha redio, akaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Kulikuwa na kipindi cha kilimo cha mtama. Tukala ugali tukikisikiliza kwa makini, sisi ambao hatuna hata chungu cha maua.

Jumapili hiyo zamu yangu ilifika, na kiapo changu kikafia hapo. Nilisimama mbele nikasema, "Namshukuru Mungu kwa sababu mama yangu anakoroma." Akina mama wote walishika midomo. Mmoja akauliza kwa sauti, "Na mkwe je?" Nikasema mkwe anajifunza kilimo cha mtama. Walicheka mpaka mchungaji akachungulia. Mwenyekiti alisubiri watulie, akatabasamu kama mwalimu wa chekechea, na kunieleza kwamba walikusudia mambo ya kujenga roho, kwa mfano machweo ya jua. Nikamwambia machweo yenu tunayaona, dada, ila huku kwetu muda huo tunakuwa na shughuli.

Miguu ilipungua taratibu. Asubuhi ambayo ndala zilimwingia, mama alizunguka ploti nzima akisalimia watu ambao hakuwa na haja nao. Jioni nikapika chai, nikapitisha vikombe, kulia na kushoto, tukasikiliza matangazo. Alitajwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na watoto wasioelewana. Mama akafafanua, upande wa pili ukakohoa mara mbili kwa haraka.

"Leo hatukutajwa," mama akasema. Kisha hakuomba chai. Niliona vidole vyake vikishika ukingo wa pazia lile la kahawia, vikiupapasa, kama mteja anayetafuta tundu.

"Nyathina," akaniita, mwanangu, kwa sauti kubwa kuliko chumba. "Ukimwona mwenye ploti, mwambie nimelala vizuri kwake. Mwambie mke wake hakuolewa hewani."

Nilimwambia nitamfikishia. Upande wa pili nilisubiri kikohozi, kimoja, viwili, hata kile kirefu cha shaka. Hakikuja. Mume wangu alikuwa ameugeukia ukuta, kikombe mkononi, akifuta uso kwa kona ya shuka letu.