Oveni Iliyotoka Kibondo

Kwa nini mama yangu mdogo, aliyeweza kuoka karibu kitu chochote katika chombo chochote, alitaka keki ya harusi ya binti yake iokwe ndani ya oveni ile ya umeme na si penginepo? Nililitafakari swali hili nikiwa kijana, nalitafakari sasa watoto wangu wanapoanza kuniona mzee, na bado sina jibu ninaloweza kuliapia.

Oveni yenyewe ilitoka Kibondo. Miaka ile ya tisini, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwa wingi, mama mdogo alipata kazi ya upishi katika nyumba ya wageni ya shirika moja la misaada. Huko aliwaokea Wazungu keki za siku zao za kuzaliwa, keki za kuwaaga waliokuwa wakiondoka, na keki za kuwakaribisha waliokuja kushika nafasi zao. Nyumba ilipofungwa, aliachiwa oveni. Akaileta Kasulu kwa lori la maharage, imelazwa juu ya magunia, nayo ikakaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, kwa kuwa mtaa wetu haukuwa na umeme.

Harusi ndiyo iliyouleta umeme. Kanisa lilituazima jenereta kwa ajili ya vipaza sauti, na mama mdogo akaomba ifike siku mbili kabla. Alikuwa amekwisha kuwaambia wakwe, mbele ya watu, kwamba keki haitanunuliwa Kigoma mjini. Itatoka nyumbani kwake. Neno la namna hiyo, likishasemwa mbele ya wakwe, halirudishwi mdomoni.

Baba mdogo, mumewe, alikuwa mchoma matofali, na katika jambo lolote la moto hakuna aliyebishana naye. Mkewe alipoingiza keki na kufunga mlango wa oveni, yeye aliweka kigoda mbele yake, kama alivyozoea kuketi mbele ya tanuru lililokwisha kuzibwa kwa udongo. Taa ya ndani iliwaka, feni ikavuma.

"Sasa asiguse mtu," akasema. "Tanuru likishafungwa halichunguliwi."

"Hilo si tanuru, mzee wangu. Kule Kibondo nilikuwa nachungulia."

"Kule ulikuwa unaharibu mali ya watu. Hii ni yetu."

Mama mdogo alicheka, akatoka kuwapokea wanawake wa jumuiya waliokuwa wakileta ndizi na unga. Mimi, niliyekuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nilibaki na mchoma matofali. Muda ulipokuwa umekwenda nikamwambia kwamba sisikii harufu yoyote.

"Msomi, tanuru lililopangwa vizuri halitoi hata moshi. Linalofuka ni la mvivu."

Hoja yake ilikuwa na mantiki, na taa ilikuwa inawaka.

Mama mdogo aliporudi aliweka kiganja juu ya bati la oveni, akakiacha pale pale. Sote tukaelewa kabla hajasema neno. Alifungua mlango. Unga ulikuwa mbichi, wa baridi, na povu la mayai lilikuwa limekwisha kunywea.

Tuliitafuta hitilafu kwa utaratibu. Tukazungusha kitufe cha joto mpaka mwisho; hakuna kilichobadilika. Tukachomoa oveni na kuchomeka pasi mahali pake: jenereta ikaguna, sauti ikashuka kama mtu aliyetwikwa gunia. Tukarudisha oveni; jenereta ikaendelea kuimba kwa wepesi ule ule.

"Haili kitu," baba mdogo alisema. "Inatuonyesha taa tu."

Basi umeme ulifika, lakini haukufika kwenye joto. Tuliichomoa tena, tukafungua skrubu za nyuma, na hapo tukaiona koili ya kupashia joto imekatika penye kona, ncha zake mbili zikitazamana. Nadhani ni barabara ya Kibondo iliyoivunja. Baba mdogo akataka kuziunga kwa waya wa kufungia nguzo.

"Acha," mama mdogo alisema. "Utaniunguzia nyumba kwenye harusi ya mtoto."

"Basi nimtume mtu Kigoma. Keki haina mdomo wa kusema ilikotoka."

"Mimi ninao."

Alikaa kwenye kile kigoda akiitazama oveni iliyo wazi mgongoni. Huenda alitaka mwanawe naye apate keki kutoka mle zilimotoka keki za watoto wa wengine. Huenda alitaka tu majirani wajue kwamba kile chombo sebuleni hakikuwa pambo. Miaka mingi baadaye nilimuuliza, akanijibu, "Oveni kazi yake nini, mwanangu?" na akaendelea kuchambua maharage.

Jua halijatua alipoinuka.

"Kesho naoka kwa makaa," alisema. "Itakuwa ndogo. Wakwe watakata vipande vyembamba."

Asubuhi nilizunguka kwa majirani kutafuta mayai mengine. Niliporudi alikuwa amekwisha kutandika mchanga ndani ya sufuria kubwa na kuuacha upate moto. Akapiga mayai, akamimina mchanganyiko katika chombo chake, akakishusha juu ya mchanga na kufunika. Kisha akachota makaa kwa koleo, akayapanga juu ya mfuniko moja baada ya jingine.